Ukuta Uliopakwa Peke Yake

To! To! To! Gizani, matone ya mvua yalidondoka ndani ya beseni. Mama alinyoosha mkono, akapapasa godoro la binti yake. Limelowa tena. Na mtoto anakohoa.

"Vumilia, mwanangu," alinong'ona. "Tutanunua nyumba kavu."

Nyumba yenyewe walikuwa wameshaiona. Baba, fundi rangi, alikuwa amepapasa ukuta wa sebuleni kama anayesifia ng'ombe wa maziwa. "Aliyepaka huu ni bingwa! Kesho tunalipa."

Asubuhi Mama alimkimbilia dada wa mumewe.

"Wifi, kaka yako kaipenda nyumba kama alivyonipenda mimi: kwa macho tu!"

Wifi akaangua kicheko. "Kwako alibahatika. Nyumba je? Mwiteni mkaguzi wa majengo kabla ya kulipa. Ndiyo kazi aliyosomea."

Baba alinuna. "Mkaguzi wa nini? Mimi si fundi?"

"Fundi wa rangi, mume wangu. Huko juu ya dari unakujua?"

Mkaguzi alikuja na ngazi na tochi. Hakuwa na haraka mwanamke yule. Alifungua mabomba yote, akasikiliza maji yanavyokwenda. Alikagua nyaya za umeme. Alipanda darini, akashuka na utando wa buibui kichwani. Kisha akagonga kuta kwa kidole, sikio limetegwa, kama daktari anayepima kifua. Mama alimtazama asipepese macho. Kumbe nyumba nayo hupimwa!

Kwenye ukuta wa sebuleni mkaguzi alisimama.

"Fundi, hebu nisaidie. Kuta nyingine zina rangi kuukuu. Kwa nini mtu apake huu peke yake?"

Baba akaupapasa tena. Akasogea, akanusa.

"Kuficha doa la maji," alisema polepole.

Mlangoni, mwenye nyumba aliyekuwa akiiuza akatazama viatu vyake.

"Naam," alisema mkaguzi. "Juu yake bati limetoboka na mbao imeoza. Lakini msingi ni imara. Nyumba ni nzuri, ila inaumwa. Inatibika."

"Na kama tungeshalipa?" Mama aliuliza.

"Ugonjwa ungekuwa wenu. Sasa bado ni wake. Nitawaandikia ripoti. Atengeneze kwanza, au apunguze bei. Akikataa, msitoe hata senti."

Mwenye nyumba alinung'unika wee, lakini ripoti ilikuwa mbele yake. Akabadilisha mbao na bati. Mkaguzi akarudi, akapanda tena darini, akashuka anatabasamu. Hapo ndipo walipolipa.

"Yule ndiye fundi," alisema Baba, safari hii akimwonyesha mkaguzi.

Walihamia. Jioni moja mvua kubwa ikashuka. Baba akasimama chini ya ule ukuta, shingo juu. Mama akashika beseni lake la zamani, tayari kukinga. Wakangoja. Hakuna tone hata moja.

Binti akalichukua beseni, akamlaza mwanasesere wake ndani.

"Mama," alisema, "mvua inanyesha nje tu."