Donge Lililojitafutia Maji

Solo alitoka kazini jua likizama, na shida yake ilikuwa moja tu: sponji. Si ya kuoshea vyombo. Ya vyombo ilikuwapo nyumbani, na siku alipoiazima kwa ajili ya gitaa, mkewe alimtazama kwa namna ambayo hakutaka kutazamwa tena. Alitaka ile ndogo inayoloweshwa na kuwekwa ndani ya sanduku la gitaa, ili kiangazi kisipasue mbao.

Kiangazi kilichopita kilimtia adabu. Alikuwa amelitundika gitaa lake la kwanza sebuleni kama picha ya harusi, tena kwenye ukuta wa nje unaopigwa na jua kutwa nzima. Asubuhi moja akalikuta na ufa kutoka tunduni hadi chini. Wenzake walimcheka mpaka akachoka kucheka nao.

Wenzake hao walikuwa wapiga gitaa wa Jumamosi, waliokutana katika chumba cha nyuma cha Kinyozi. Hakuna aliyewahi kulipwa kwa kupiga, ila kwa ubishi hawakuwa na mpinzani. Nyuzi zilegezwe gitaa linapolazwa, au ziachwe zimekaza? Kinyozi alikuwa akichemsha nyuzi kuukuu kwenye sufuria na kuapa kwamba zinarudi upya. Mkewe aliapa kwamba sufuria ndiyo haitarudi. Daktari wa Meno alivaa mkanda wa gitaa wenye bei ya mbuzi wawili, na alikuwa bado hajamaliza wimbo hata mmoja. Solo naye jina lilimpata kwa sababu alijua solo moja tu, kipande cha kupiga gitaa peke yake, na aliipachika katika kila wimbo, utake usitake.

Sasa alikuwa na gitaa jipya. Safari hii hakuwa tayari kuchekwa.

Duka la vyombo vya muziki alilikuta limefungwa. Lakini mlango wa jirani yake, ambao hakukumbuka kuuona ukiwa wazi, ulikuwa umeegeshwa, na taa hafifu iliwaka ndani. Akachungulia. Kulikuwa na harufu ya vumbi la siku nyingi, na mtu mmoja ameketi kwenye kiti, midomo imepasuka, ngozi ya mikono imefanya magamba meupe.

"Unatafuta cha kunywesha gitaa," mtu yule alinong'ona. Hakuwa anauliza.

Alitoa donge la udongo lililoenea kiganjani, laini, jepesi, lenye vitundu kama vya ncha ya sindano. Alipotaja bei, Solo alicheka. Kisha akaukumbuka ule ufa. Mpenda chongo huita kengeza, akatoa pesa.

"Nalitia maji mara ngapi?"

"Hulitii. Linajitafutia."

"Wapi?"

"Liweke chini ya kitanda anacholala mtu," alisema yule mtu, akimkabidhi donge kwa mikono miwili, kama anayetua mzigo. "Chumba kitupu halifanyi kazi."

Nyumbani Solo alimtajia mkewe theluthi ya bei, na hata hiyo theluthi ilimfanya mama wa watu aweke kijiko chini. Kisha Solo akaanza kutafuta mahali. Mpiga gitaa yeyote angechagua alipochagua yeye: chumba cha ndani, kisicho na ukuta wa nje, kisichojua jua wala upepo. Kilikuwa chumba cha Kadogo, binti yao wa pekee, aliyekuwa ndio kwanza ameanza shule. Akalisukuma sanduku chini ya kitanda chake, na donge ndani yake.

Kilichofuata kilimfurahisha sana. Kipima unyevu alichokibandika ndani ya sanduku kilipanda mpaka mshale ukatulia katikati, penye kijani, na nje kiangazi kinapasua visigino vya watu. Sauti ya gitaa ikawa nzito, tamu, yenye majimaji. Jumamosi ile hata Daktari wa Meno aliacha kupiga ili asikilize, na Solo akapiga solo yake mara mbili bila mtu kuguna. Alirudi nyumbani akipiga mluzi.

Nyumba yenyewe ilikuwa ikikauka. Taulo zilikakamaa saa ile ile zilipoanikwa. Sabuni ilipasuka vipande, mkate uliolala ukawa mgumu kama tofali, na maji ya mtungi yalipungua bila mtu kuchota. Solo alisema ni kiangazi. Kadogo akaanza kuamka usiku.

"Maji..."

Anapewa, anakunywa, analala. Halafu tena.

"Baba... maji."

Nywele zake zikawa zinakatika kama nyasi kavu. Siku moja alijikwaa barazani, goti likachubuka, akalia. Solo alikuwa sebuleni anafuta nyuzi kwa kitambaa. Alisikia kilio, kisha akamsikia mkewe akimjia taratibu, na sauti yake ilikuwa ya chini mno.

"Baba Kadogo. Mtoto analia, machozi hayatoki."

Walimkimbiza hospitali. Wakamtundikia dripu, ikaisha, wakaweka nyingine. Daktari wa zamu alitazama ile chupa tupu, akatazama ile midomo iliyobaki na nyufa vile vile, akasema hajawahi kuona mwili unaopokea maji na kutobaki nayo. Walirudi naye nyumbani jioni, amebebwa mgongoni, mwepesi kama kikapu kitupu. Solo aliogopa, na safari hii hakusema ni kiangazi.

Alikaa kando ya kitanda mpaka mtoto akasinzia. Nyumba ikatulia.

Ndipo alipolisikia.

Glu...

Akadhani ni bomba la jikoni.

Glu... glu...

Chini ya kitanda.

Glu... glu... glu... Mmezo wa mtu mwenye kiu asiyetaka kusikika.

Alilivuta sanduku taratibu, akafungua vibanio. Joto lilimpiga usoni, joto lenye unyevu, na harufu aliyoijua kabla hajakumbuka ni ya nini. Ilikuwa harufu ya utosi wa Kadogo anapotoka kuoga. Ubao wa gitaa uling'aa kama uliopakwa mafuta. Donge lilikuwa limevimba, zito, na katika kila kitundu palisimama tone.

Alichovya kidole, akalamba.

Chumvi.

Machozi.

Alikimbia nalo mpaka kwa Kinyozi, akalifungia kwenye chumba cha nyuma, sanduku na vyote vilivyomo, akarudi mbio huku akimshukuru Mungu. Alimkuta mkewe mlangoni. Mtoto alikuwa amezidiwa. Ulimi umegandamana na kaakaa, hata neno "maji" halitoki tena.

Siku ya pili, jua lilipoanza kuzama, Solo alisimama kwenye ule mlango, donge alilolichukua tena kwa Kinyozi likiwa mkononi na nyundo mfukoni. Yule mtu alikuwapo. Ila midomo yake sasa ilikuwa imejaa, mashavu yamenenepa, na jasho jepesi lilimtiririka shingoni, naye akiliacha litiririke kwa raha.

"Nalivunja," Solo alisema.

"Vunja. Maji yatamwagika." Akatabasamu kwa upole, na upole huo ndio uliomtisha Solo. "Ni maji ya nani?"

Solo aliitoa nyundo mfukoni, akaitazama, akairudisha. Akauliza afanyeje. Yule mtu alimweleza kama anayemwelekeza mgeni njia. Donge halikatizwi. Hubadilishiwa mlalaji. Likikosa mtu wa kulala juu yake, humrudia yule aliyelilalia mwisho hata awe mbali vipi. Likipata mwingine, maji liliyoyachukua kwa aliyetangulia humrudia kidogo kidogo.

"Na wewe ulilala juu yake muda gani?"

Mtu yule alijifuta jasho kwa kiganja, akakitazama kiganja chake kilicholowa, na macho yake yakalengwa na machozi.

Solo alirudi njia nzima akiwapitia watu moyoni, na aliona aibu kwa jinsi walivyokuja upesi. Daktari wa Meno angelinunua hata leo, tena kwa bei kubwa zaidi. Lakini Daktari wa Meno ana wajukuu wanaolala naye. Kinyozi ni rafiki. Mwishowe akalisukuma donge chini ya kitanda chake mwenyewe, akamwambia mkewe ahamie chumba cha mtoto, naye mkewe hakuuliza kwa nini. Alikuwa amekwisha kulisikia likimeza.

Kabla ya Jumamosi kufika, Kadogo aliomba uji. Kisha akatoka jasho. Kisha, alipokatazwa kuchezea mkasi, alilia kwa machozi yaliyomlowesha mpaka kidevuni, na wazazi wake wakasimama wakimtazama na kucheka kama wendawazimu. Furaha ya Solo siku ile haikuwa na mfano. Gitaa alimpa Kinyozi, asitake hata kuliona.

Akaanza kukauka. Kwanza visigino, kisha midomo, kisha sauti ikapotea. Alikunywa ndoo kwa ndoo. Wenzake walikuja kumjulia hali, Kinyozi akamletea nyuzi zilizochemshwa amchekeshe, na walipotoka walitazamana nje. Mkewe alimpaka mafuta asubuhi na jioni. Ngozi iliyanywa kabla hajaondoa mkono. Solo hakulalamika. Kila aliposikia miguu ya Kadogo ikikimbia ukumbini, alijiambia ndiyo, ndiyo, ndivyo inavyotakiwa iwe.

Mtoto alikuwa amekatazwa kuingia chumbani. Lakini mtoto ni mtoto. Alasiri moja mama yake akiwa dukani, alisukuma mlango, akasogea hadi kitandani, akauona mkono wa baba yake juu ya shuka, mwembamba, wenye magamba.

"Baba, unaumwa sana?"

Solo alitaka kumwambia atoke. Koo halikutoa kitu.

Kadogo akaushika mkono ule kwa mikono yake miwili, akauegemeza shavuni, akaanza kulia. Chozi lilidondoka juu ya kifundo cha mkono wa baba yake. Halikuteleza. Lilizama papo hapo, na ngozi mahali pale ikawa laini, changa, kama ya mtoto mchanga. Ubaridi wa ajabu ulipanda mkono mzima mpaka kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu alale kitanda kile, Solo alisikia kiu ikimtoka.

Chozi la pili lilizama. La tatu.

Alijua anapaswa kuuvuta mkono wake. Alijua vizuri kabisa.

Kadogo alinyamaza, akajifuta macho kwa mkono wa gauni, akamtabasamia. Baba yake akamtazama kwa muda mrefu, huku vidole vyake vikifumba taratibu kukizunguka kile kiganja kidogo kilicholowa.

"Mwanangu," alinong'ona, na sauti ilikuwa imemrudia. "Lia tena kidogo."