Simba wa Kijino

Kila akitoka shule, Kidoti alikuwa akitupa mkoba kitini, anabadili sare, kisha mbio kwenda kumsaidia Shangazi. Shangazi alikuwa mchoraji wa kuta, na wiki hiyo alikuwa akikigeuza chumba cha Kidoti na mdogo wake kuwa msitu: twiga karibu na mlango, tumbili juu ya kabati, na kando ya kitanda cha mdogo, simba.

Simba huyo aliombwa na Kijino mwenyewe, mtoto wa miaka sita aliyepata jina hilo alipong'oka jino la mbele. Kijino aliogopa giza kupita kiasi.

"Awe mkubwa, Shangazi, anilinde," alisisitiza. "Ila mimi asiniume!"

"Hatakuuma. Nitamchora ameshiba."

Kidoti alipewa kazi ya kukwangua rangi ya zamani iliyokuwa ikibabuka, kisha kupiga msasa mpaka ukuta uwe laini. Kuta tatu alizifanya vizuri. Wa nne, ule wa simba, ulimshinda. Vumbi lilimjaa puani, na nje wenzake walikuwa wakiruka kamba huku wakimwita. Akapitisha msasa juu juu, akafuta vumbi, huyoo!

"Umemaliza, fundi wangu?" Shangazi akamuuliza mlangoni.

"Tayari, Shangazi!"

Shangazi alimwamini. Akapaka rangi nyeupe ya kwanza, na kesho yake akamchora simba anayecheka, mpaka Baba naye akacheka alipomwona. Tangu siku hiyo Kijino alikubali kulala taa ikiwa imezimwa.

Kisha mvua zikaanza, kuta zikaingia unyevu. Siku moja Mama aliingia kufagia, akaukuta uso wa simba umeanguka sakafuni vipande vipande. Kijino alikuwa amechuchumaa hapo hapo, ameshika kipande chenye sharubu.

"Kijino! Umembandua simba! Shangazi yako ameumia mgongo kukuchorea, shukrani yako ndiyo hii?"

"Si mimi, Mama!"

"Si wewe, ni nani? Na hicho mkononi ni nini?"

Kidoti alikuwa amesimama mlangoni. Alijua vizuri ni nani. Maneno yalimfika kooni, akayameza. Kijino akakatazwa kwenda kucheza, akalia mpaka kwikwi zikamshika.

Wakati wa kulala, Kidoti alimkuta mdogo wake kitandani akihangaika kuvaa soksi mikononi.

"We, soksi zinavaliwa miguuni!" akamtania.

Kijino hakucheka. "Labda ni mimi kweli, Dada. Labda namkwaruza nikiwa usingizini. Nikivaa hizi, kucha zangu hazitamuumiza tena."

Lo! Kidoti aliona aibu isiyo na kifani. Mtoto wa watu hakufanya lolote, na sasa alikuwa ameanza kuamini kosa lisilo lake. Akamshika mkono, soksi na yote, akampeleka sebuleni. Mama alikuwa ameketi na Shangazi, aliyekuja kuona uharibifu.

"Mama, ni mimi. Ukuta ule sikuukwangua. Nilisema tayari, nikaenda kucheza." Akaangua kilio.

Mama akampakata Kijino. "Nisamehe, baba. Nilikuonea."

Siku ya mapumziko Kidoti aliukwangua ukuta ule mpaka mikono ikamuuma. Shangazi akaupapasa kwa kiganja, akaridhika, akachora simba mwingine. Alikuwa mzuri, lakini kicheko cha yule wa kwanza hakikurudi. Shangazi alijaribu mara kadhaa, akakubali yaishe.

"Uvivu wako nimeshausamehe," alimwambia Kidoti wakiosha brashi. "Ukuta ukiharibika tunaupaka upya, basi. Lakini ulinyamaza, mdogo wako akabeba kosa lako. Hilo halifutiki kwa brashi, mwanangu. Ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajaumia kwa ajili yako."

"Nimesikia, Shangazi. Sitarudia."

Kidoti alidhani yamekwisha. Wakati wa kulala, Kijino alimtazama simba wake mpya, akamtakia usiku mwema, kisha akaingiza mkono chini ya mto na kutoa zile soksi.

"Kijino, si nilikwambia hukumkwaruza wewe?"

"Najua, Dada," akajibu, huku akiivuta soksi ya pili kwa meno. "Lakini nikimkwaruza leo je?"

Kidoti akaketi kando yake, akamsaidia kuivaa.