Sahani ya Bati ya Bibi Agathe

Kila palipokuwa na karamu katika ukumbi wa kijiji chao kando ya ziwa, Lorna na bibi yake walikwenda na mifuko yao ya kitambaa. Kila mmoja alibeba sahani yake, kikombe na kijiko, ndiyo desturi ya kwao. Wakirudi nyumbani, bibi anaosha, Lorna anafuta. Lakini siku ya kumzika bibi, Lorna alibeba mfuko wake tu. Ule wa bibi aliuficha chini ya kitanda.

Ukumbini, Shangazi Verna alikuwa ameandaa samaki, wali na mkate wa kukaanga. Kwa desturi, kabla watu hawajala, marehemu hutengewa chakula chake kwanza, katika sahani yake mwenyewe.

"Sahani ya mama iko wapi?" akauliza.

"Sijui," Lorna akajibu, macho chini.

Shangazi akashusha pumzi. Akachukua sahani ya povu, mojawapo ya zile nyeupe za kutumia na kutupa, akaanza kupakua.

Lo! Bibi Agathe, aliyeziokota sahani hizo zilizotupwa ufukweni mpaka mgongo ukamuuma, leo apakuliwe humo! Uchungu ulimjaa Lorna, akaangua kilio.

"Shangazi, nimekudanganya! Ninayo, nimeificha. Mkiitumia mtaichubua, na mimi sina kitu kingine cha bibi!"

"Mchoyo wee, hata kwa marehemu!" binamu yake Clayton akadakia.

"Funga mdomo, wewe uliyesahau mfuko wako," shangazi akamkemea. "Lorna, kimbia ukailete. Tutakungoja."

Lorna aliileta akihema. Shangazi akaipokea, akapapasa kingo zake zilizobanduka rangi, naye machozi yakamtoka. Akahamishia chakula humo, akakiweka mahali pa marehemu, kisha akamkumbatia Lorna.

"Umesema kweli, ahsante. Sasa sikia, mwanangu. Kuitengeneza sahani hii kulikula chuma na moto mwingi kuliko hiyo ya povu. Ingetumika mara moja tu, ingeigharimu dunia zaidi. Mama aliitumia miaka arobaini, akiiosha kwa maji kidogo, ndiyo maana gharama ile ikarudi. Wewe ukiificha halafu ule kwenye za kutupa, umeharibu mara mbili."

"Na ikichubuka?"

"Itachubuka, ndiyo. Kuanzia kesho ni yako. Kama unampenda bibi yako, itumie mpaka itoboke."