Kofia ya Pembe Mbili

Pembe ya kofia ndiyo iliyowakutanisha. Ilikuwa mwaka jana, kwenye foleni ya tamasha dogo la wapenzi wa anime, zile katuni za Kijapani, ukumbi wa shule umefurika mashujaa, majoka na wasichana wenye masikio ya paka. Jitu moja lililovaa mavazi ya bati liligeuka ghafla, pembe yake ikanyakua wigi la zambarau kichwani mwa fundi cherehani.

"We, mwenye pembe! Nirudishie nywele zangu!"

"Samahani, mrembo. Humu ndani naona kama nachungulia tundu la ufunguo."

Pale kila mwenye kofia kubwa huwa na mtu wa kumshika mkono, asije akaporomoka jukwaani. Mtu wa huyu hakuwa ametokea. Fundi akakamata glavu ya ngozi, akamwongoza kutwa nzima: kwenye meza za stika, kwenye chemshabongo, hadi mashindano ya mavazi. Kofia ilipovuliwa, kumbe kijana mchomelea vyuma, jasho chapachapa, kishimo shavuni.

"Haya, kofia imevuliwa, kazi yangu imekwisha," fundi akatania, akamwachia.

"Basi naivaa tena!"

Wakaanza hivyo. Watu wakawabatiza Pembe na Sindano, na simu zao zilikuwa hazipoi.

Mpaka mwaka huu, wiki tatu kabla ya tamasha, simu ya Pembe ikaanza kuita bila kupokelewa. Siku ilipopokelewa, Sindano alitamani isingepokelewa.

"Nimekukosea nini, mpenzi?"

"Hujanikosea. Tutaongea baadaye. Ila mwaka huu usije tamashani."

"Nisije? Na joho lako jekundu nimelishona kwa mikono yangu, ushalipokea!"

Ikaingia sauti ya kike, karibu kabisa na simu: "Kata sasa, upumzike."

Simu ikakatika.

Sindano alikwenda tamashani vilevile. Gauni la kijani, wigi hakuvaa, tiketi ikamponyoka mara mbili mlangoni. Hakuchelewa kuziona zile pembe. Joho jekundu, lile lile, na kwenye mkono wa Pembe, mwanamke mwenye gauni la bluu, anamnong'oneza, naye anacheka.

Sindano akawafuata, akihofia kile alichokuwa anakwenda kukikuta. Nyuma ya pazia la jukwaa akawakuta wamesimama. Pembe akavua kofia apate hewa.

Mwanamke yule hakumwachia mkono.

Sindano akasogea mpaka hatua mbili mbele ya uso wake. Macho ya Pembe yalikuwa mekundu, wazi, yanamtazama yeye kabisa. Hayakushtuka. Alikuwa anatabasamia pazia.

Wivu wote ukamtoka Sindano mara moja, na kilichoingia badala yake kilikuwa kibaya zaidi.

"Pembe," akasema. "Nimevaa rangi gani?"

Tabasamu likazimika. Kofia ikaanguka sakafuni kwa kishindo.

"Nani kamwambia?" Pembe akauliza.

"Hakuna, kakangu," yule mwanamke akajibu, machozi yanamlenga. "Kaona mwenyewe."

Wakamweleza: wiki tatu nyuma, Pembe alikuwa anaipaka kofia rangi upya, dawa ya kuondolea rangi ikamrukia machoni. Jumanne anapasuliwa macho. Daktari hakuahidi kitu.

"Sasa ukanificha mimi? Mimi, Pembe?"

"Niliogopa. Ndani ya kofia mimi ni kama wengine tu, wote tunashikwa mkono. Nilijua wewe mbishi, utakuja. Nilitaka nikupite karibu niisikie sauti yako, basi."

"Mjinga wewe."

"Mjinga. Na kofia imevuliwa, Sindano. Kazi yako imekwisha."

Mtangazaji wa mashindano ya mavazi akaita namba yao. Dada mtu akamtazama fundi, akamnyooshea mkono wa kaka yake wenye glavu, taratibu, kama anayekabidhi kikombe kilichojaa. "Wifi, kama utamchukua, mchukue. Kama hutaweza, niambie sasa hivi, nisimpandishe ngazi bure."

Sindano alikuwa anaogopa. Aliogopa Jumanne, aliogopa ile siku bandeji itakapofunguliwa. Akaivua glavu, akaitupa, akakishika kiganja kitupu.

"Ngazi tatu," akasema. "Ya mwisho fupi. Na gauni langu ni la kijani, usije ukaniaibisha kwa watu."

"Kofia je?"

"Iache hapo hapo chini. Panda."