Barua ya Posa ya Tjeripo Ritterbach

"Ritterbach?" Bibi Gertrud aliitupa barua ya posa mezani kama imemuunguza. "Unomasa! Huyu Ritterbach ni nani?"

Unomasa akaacha kukanyaga cherehani. Gauni lake la harusi lilikuwa limemfunika hadi miguuni, kitambaa chekundu mita kumi na mbili.

"Ni Tjeripo, bibi. Yule daktari wa mifugo. Si ulisema mwenyewe anajua kubembeleza ng'ombe?"

"Kwa ng'ombe namsifu. Jina silitaki! Wakoloni wa Kijerumani waliwafukuza wazee wangu kutoka Waterberg, wakafa kwa kiu huko jangwani Omaheke. Leo uniletee Ritterbach hapa Okakarara, aketi kando ya moto mtakatifu wa ukoo wetu, mbele ya wahenga?"

"Mbona na wewe unaitwa Gertrud?"

"Nilibatizwa sijaota hata jino! Nani aliniuliza?" Kikongwe nusura acheke, akajikaza. "Nisikilize. Kijana simchukii. Aende akabadilishe jina, wajomba zake waje Jumamosi. Asipobadilisha, wasije."

Unomasa akashusha pumzi. Kumbe ni hilo tu! Akachukua simu, akaandika: "Mpenzi, bibi kakubali. Ila ubadilishe jina. Ni karatasi tu."

Jibu lilichukua saa nzima.

"Siwezi, Uno."

Akampigia papo hapo.

"Huwezi nini, Tjeripo?"

"Kubadilisha jina."

"Unalipenda jina la Mjerumani kuliko mimi?"

"Usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Nashona gauni la harusi, wewe unang'ang'ania jina la watu waliotumaliza!"

 

"Kesho nakuja," Tjeripo akasema. "Nitaongea na bibi mwenyewe."

"Usije kama huna jipya."

Akakata simu. Kisha akalia juu ya kitambaa chekundu mpaka kikaloa.

Asubuhi Tjeripo alifika, vumbi hadi kwenye nyusi. Macho yake yalikuwa ya kijivu, na Unomasa, aliyeyapenda macho hayo miaka miwili, siku hiyo alishindwa kuyatazama. Bibi Gertrud alikuwa kwenye kiti chake, kofia ya kitambaa yenye pembe mbili kama za ng'ombe imekaa sawasawa kichwani. Hakumkaribisha.

"Umebadilisha?"

"Hapana, bibi."

"Basi umefuata nini?"

Tjeripo akachuchumaa mbele yake. "Mama aliyemzaa babu yangu alikuwa mfungwa kwenye kambi ya Wajerumani, Swakopmund. Msichana wa miaka kumi na saba. Kulikuwa na askari... Hakuombwa, bibi. Alilazimishwa. Akazaliwa babu."

Mkono wa Unomasa ukaenda mdomoni.

"Siku ya ubatizo," Tjeripo akaendelea, "mchungaji alitaka kuandika kwamba baba hajulikani. Yule mama akakataa. Akasema, 'Anajulikana. Anaitwa Ritterbach. Andika, asije akasema hakuwepo.' Akatuachia wosia tusilifute. Bibi, hili jina silibebi kwa kujivunia. Ni ushahidi wake. Hakuwa na mahakama, alikuwa na jina tu."

"Kwa nini hukuniambia mimi?" Unomasa akauliza kwa sauti ndogo.

"Niliogopa ukiniangalia utamwona yule askari."

Unomasa akapiga magoti kando yake, akamfuta vumbi usoni kwa kidole gumba, taratibu, macho kwa macho.

"Namwona Tjeripo," akasema. "Nisamehe maneno ya jana."

Bibi Gertrud alikuwa analia bila sauti. Machozi yalishuka, hakuyagusa.

"Huyo mama," akauliza hatimaye, "aliitwa nani?"

"Kaheke."

"Kaheke," kikongwe akarudia polepole. "Nipe mkono, mume wa mjukuu wangu. Magoti yangu haya, ninyanyue!"

Wakatembea watatu hadi kwa kaka yake bibi, mtunza moto wa ukoo. Mzee akasikiliza yote, akachota maji, akayaonja, kisha akampulizia Tjeripo maji hayo usoni, kama anavyopuliziwa mtoto wa nyumba anapotambulishwa kwa wahenga. Akaanza kuwaita wahenga mmoja mmoja.

Bibi Gertrud akamkatiza.

"Na Kaheke! Usimruke. Kaheke, mjukuu wa mwanao yuko kwetu. Tumemwona. Ushahidi wako umefika."

Jumamosi wajomba walikuja. Mwezi wa nane Unomasa akaolewa, gauni jekundu likifagia mchanga. Mwandikishaji ndoa alipomuuliza kama atachukua jina la mumewe, hakusita.

"Andika," akasema. "Ritterbach."