Huduma ya Pumzi

Mchana ule biashara ilikuwa imelala. Nilikuwa kwenye kibanda changu cha uwakala wa simu hapa Nyasura, Bunda, natafuna muwa na kuwasengenya wapita njia. Nyuma ya pazia dada yangu Benedikta alikuwa anapara sato wa chakula cha mchana. Alihamia kwangu na mwanawe Clever baada ya shimo la dhahabu kule Buhemba kummeza mumewe, shemeji yangu Masatu.

Lakini nisizunguke. Shimo halikummeza. Aliyemmeza ni bosi wake, Mugeta. Shimo refu kama lile mtu hashuki bila mashine ya kupulizia hewa, inayoisukuma kwenye mpira hadi chini. Siku hiyo dhahabu ilionekana kwenye shimo lake lingine, na Mugeta akaamuru mashine ihamishwe upesi, Masatu akiwa bado chini. Vijana wa machimboni walipopiga kelele akawatisha, akaziba mdomo wa shimo kwa magogo na kifusi, akatangaza kwamba limeporomoka. Msibani alileta gunia la mchele na machozi juu. Tulilia bila maiti, bila kaburi. Vijana walitunong'oneza ukweli, ila hakuna aliyethubutu kusimama nao mbele ya watu. Nilimchukia Mugeta mpaka chakula kikawa kichungu mdomoni.

Sasa mchana ule gari likasimama mbele ya kibanda, akashuka yeye. Hakunitambua, msibani nilikuwa mmoja tu wa wanawake waliojitanda khanga. Alikuwa ameshika koo. Midomo yake ilikuwa na rangi ya maini.

"Vocha," alinong'ona. "Haraka, mdogo wangu."

Nikamwingizia. Simu yake ilipolia tu, akavuta hewa kwa mlio, kama mtu aliyeibuka majini. Harufu ya karafuu ikanijia. Alikuwa mtafunaji wa karafuu huyo, hata msibani alinuka hivyo hivyo.

"Kuna huduma inanikataga salio kila siku," alisema alipopata nguvu. "Sijajiunga mimi. Salio likiisha, kifua kinazibaga. Nimeenda mpaka Musoma kwenye ofisi ya mtandao, wanasema kwenye kompyuta hawaioni. Nimebadilisha laini, imenifuata. Nitolee, nakuomba."

Nikachukua simu yake. Ujumbe ulikuwa umeingia muda huo huo.

HUDUMA YA PUMZI. Umekatwa. Asante kwa kuendelea kutoa hewa.

"Hukutuma neno la kujiondoa?"

"Natumaga kila siku. Soma wanavyojibuga."

Nikasoma. Ombi limekataliwa. Mtumiaji yuko chini na bado anatumia. Ni mrithi wake tu anayeweza kusitisha.

Jumbe zilitoka kwenye namba ya kawaida, kama yangu na yako. Sisi mawakala tuna njia yetu ya kumjua mtu: unaandika namba yake kana kwamba unamtumia pesa, na kabla hujathibitisha, jina la mwenye laini linajitokeza. Nikaiandika namba ile.

MASATU ENOS BURITO.

Simu ya shemeji ilishuka naye shimoni, mfukoni mwake.

Pazia likasogea. Benedikta alikuwa amesimama nyuma yangu, magamba ya samaki hadi kwenye viwiko. Alilitazama jina. Mugeta naye akaliona, kisha akamwona mjane wa Masatu. Akapiga magoti vumbini, na suruali yake ya kibosi.

"Mama Clever. Nisamehe. Mwambie aniache."

"Fungua shimo," dada alisema kwa sauti ndogo. "Nimzike mume wangu."

"Siwezi. Wakilifungua, nafungwa."

"Fungua."

"Nitakujengea nyumba. Clever nitamsomesha. Shimo hapana! Yule alishakufaga, Mama Clever. Wewe sitisha tu hii huduma."

Moyo wangu ukawaka. Nikakumbuka alivyofika ameshika koo, na vocha ilivyomfufua. Salio likiwepo, huduma hula salio. Likiisha, inamkatia hewa. Mjinga yule alidhani inamnyonya, kumbe ndiyo iliyokuwa inampimia hewa, kama mashine ile ilivyompimia Masatu.

Nikamsogelea dada sikioni. "Isitishe," nilimnong'oneza. "Ukiisitisha, hewa inakatika."

"Hewa ya nani?"

"Yake huyu. Ya nani tena?"

Dada akafuta mikono kwenye khanga, akatoa simu yake.

"Mugeta, niisitishe?"

"Sitisha, mama! Sitisha sasa hivi!"

Akaandika ONDOA, akalituma kwenye namba ya mumewe. Jibu halikuchelewa.

Huduma imesitishwa. Hewa imekatwa.

Mugeta akacheka. Akainuka, akapanua kifua avute pumzi ya furaha.

Haikuingia.

Upepo wa ziwa ulikuwa unapeperusha turubai la kibanda. Kuku walikuwa wanaparura. Sisi sote tulikuwa tunapumua. Yeye hapana. Akaanguka. Akaanza kukwaruza ardhi kwa kucha, mkono juu ya mkono, kama anayepanda ukuta. Sikupiga yowe. Sikumletea maji. Nilikaa pale pale nikamaliza muwa wangu, na ulikuwa mtamu.

Hospitali walisema ameuawa na pumu. Chini ya kucha zake kulikuwa na udongo mwekundu, mbichi. Udongo wa kibandani kwangu ni mweusi.

Kesho yake vijana wa Buhemba, sasa hawana wa kumwogopa, waliondoa magogo na kifusi. Tulikwenda na sanduku, sanda, na vitambaa vya kuziba pua, maana shemeji alikuwa chini tangu Kwaresima, na sasa watu walikuwa wanajiandaa kwa Krismasi.

Shimo halikuwa limeporomoka. Ngazi ilikuwa nzima hadi pale magogo yalipoizuia.

Wakampandisha taratibu. Tukaziba pua. Kisha mmoja mmoja tukashusha vitambaa, kwa sababu hakunuka. Alinukia karafuu.

Ndevu zake zilikuwa zimefika kifuani. Mdomoni alikuwa ameuma ule mpira wa hewa. Ncha yake ya juu tulikuwa tumeikuta imelala kwenye majani, haijaunganishwa na kitu chochote.

Vijana walirudi nyuma. Benedikta akapiga magoti, akauchomoa mpira polepole, akaweka kiganja kifuani kwa mumewe. Akakiacha hapo muda mrefu. Nikadhani anasali.

"Bado ana joto," alisema.



"Happyness." Aliniita bila kunigeukia. "Jana uliniambia hewa ya nani?"