Kiingereza cha Kando ya Kitanda

Kila asubuhi Jenifer alianza na mama yake. Alipika uji, akaupooza, akamlisha kijiko kimoja kimoja. Kisha alimwogesha, akambadilisha nguo na kumgeuza ubavu ili mgongo usitoke vidonda. Baada ya hapo ndipo aliposhika kazi ya tangawizi. Huku milimani Mamba kila nyumba ina tangawizi, na tangawizi haisubiri mgonjwa apone.

Koleta, mama yake, hakuwa wa kupona. Saratani yake iligunduliwa ikiwa imechelewa. Madaktari walimpa dawa za kutuliza maumivu, wakamrudisha nyumbani. Yeye mwenyewe alijua. Alitaka kitu kimoja tu, na alikisema waziwazi: Jenifer awe muuguzi.

Hilo nalo lilikuwa likiponyoka. Jenifer alikuwa mwaka wa kwanza katika chuo cha uuguzi, akafeli mtihani wa vitendo. Sasa alikuwa nyumbani akisubiri mtihani wa marudio, ambao wanachuo huuita sapu. Akifeli sapu, anaondolewa chuoni. Hapo hakuna cha kubembeleza.

Kazi yenyewe aliijua vizuri. Kilichomwangusha ni Kiingereza. Siku ya mtihani mkufunzi alisimama kando ya kitanda, akasema, "Sit him up, then turn him over." Jenifer alijua kwamba sit ni kaa. Alijua kwamba up ni juu. Akajiuliza, huyu mgonjwa akae juu ya nini? Alibaki amesimama huku jasho likimtoka. Mkufunzi akamuuliza kama ameelewa. Jenifer akainamisha kichwa, akaitikia, "Yes, madam."

Kwa nini aliitikia? Kwa sababu nyumbani kwao mkubwa akisema, mdogo anaitika. Humwambii mkubwa kwamba hukumwelewa, utaonekana umemkosea adabu. Adabu hiyo ndiyo iliyomponza.

Asubuhi moja Jenifer alikuwa amekaa barazani, anakata tangawizi za mbegu. Kamusi ilikuwa wazi juu ya gunia. Mikono ilikata, midomo ilinong'ona.

"Hodi wenyewe!"

Alikuwa Nesi Devotha, jirani yao. Alifanya kazi ya uuguzi hospitalini kule Gonja mpaka alipostaafu. Siku hizi alipita mara kwa mara kumwangalia Koleta.

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa ameamkaje?"

"Ameamka, ila hakupata usingizi."

"Pole. Na wewe unanong'ona nini? Unasali rozari na kisu mkononi?"

"Nakariri Kiingereza, mama. Look, tazama. After, baada ya. For, kwa ajili ya."

"Haya, niambie. Look after the patient maana yake nini?"

Jenifer alifikiri. "Tazama… baada ya mgonjwa?"

Nesi Devotha hakucheka. "Maana yake ni mtunze mgonjwa. Kazi hii hii unayoifanya hapa kila siku."

Jenifer aliona uchungu. Kazi hiyo aliifanya kwa mikono yake miwili, na jina lake hakulijua.

Nesi Devotha akaokota kipande cha tangawizi. "Hiki utakipanda?"

"Hapana, mama. Hakina jicho la kuchipua. Kitaoza tu ardhini."

"Basi na wewe unakata maneno, unayaacha hayana macho. Sikiliza. Sisi kwa Kiswahili tunabadilisha mkia wa neno. Tunasema funga, fungua, fungia. Mwingereza anaweka kineno kidogo kando. Look at ni kutazama. Look for ni kutafuta. Look after ni kutunza. Kineno kikibadilika, na kazi imebadilika. Kwa hiyo yashike yote mawili pamoja, kama neno moja."

"Sit up, je?"

"Ni kuinuka ukakaa, kama mtu aliyekuwa amelala. Turn over ni kugeuka upande wa pili."

"Kumbe!" Jenifer aliweka kisu chini. "Na yule him katikati amefuata nini?"

"Ukisema mwamshe, huyo mtu anaingia katikati: wake him up. Mgeuze, turn him over. Lakini look after him haitenganishwi, him anakaa mwisho. Kanuni hazitakufikisha mbali, Jenifer. Utazoea kwa kutumia. Kila unapofanya kazi, itaje kwa sauti."

"Na nikiwa sijaelewa, mama?"

"Sema, Please say it again. Rudia tafadhali. Huko si kukosa adabu. Kukosa adabu ni kumwacha mgonjwa anateseka kwa sababu wewe unaona haya."

Sauti dhaifu ikatoka chumbani. "Njooni mfundishane humu ndani. Nawasikia."

"Mama, utachoka," Jenifer alisema.

"Nimeshachoka. Mwili huu hauna kazi nyingine tena. Usomee."

Jenifer aliingia chumbani huku anafuta machozi. Tangu siku hiyo mama yake akawa darasa lake. Alipomwinua alisema, "Sit up." Alipomgeuza alisema, "Turn over." Alipomvisha kanga alisema put on, alipomvua alisema take off. Siku alizonyamaza, Koleta alimkemea. "Leo umekuwa bubu? Sema!"

Mara nyingine Koleta alitapika. Jenifer alimshikia beseni, akamfuta midomo.

"Hilo nalo wana neno lake?" Koleta akauliza.

"Wanalo, mama. Throw up."

Koleta alicheka. Kicheko kikaishia kwenye maumivu, akauma kona ya shuka mpaka yalipopoa.

Anderson, mume wake, hakupendezwa hata kidogo. Alisimama mlangoni na tope la shambani miguuni. "Mnamfanya mgonjwa ubao wa darasa! Mwacheni apumzike."

"Nitapumzika sana, baba Jenifer," Koleta akamjibu. "Nilichobakiwa nacho ndicho hiki. Niache nimpe mwanangu."

Anderson aligeuka, akatoka nje. Kwa muda mrefu walimsikia akipasua kuni ambazo hakuna aliyezihitaji.

Mvua zilipoanza, Koleta hakuweza tena kumeza uji. Asubuhi moja alikuwa ameegemea bega la Jenifer. Alitaka kulala. Akavuta pumzi, akasema polepole, "Lie down." Kisha akamtazama binti yake usoni kuona kama amepatia.

"Umepatia, mama," Jenifer alisema.

Akamlaza taratibu, akamfunika. Koleta hakusema neno tena. Alifariki kabla ya adhuhuri.

Walimzika upande wa chini wa nyumba, kando ya shamba. Jenifer alikuwa bado na macho mekundu ya msiba alipotelemka kwenda chuoni kufanya sapu. Wodini, kitandani alilala bibi mmoja, mgonjwa kweli. Mkufunzi alikuwa yule yule.

"Wake her up and sit her up," mkufunzi akasema.

Jenifer alimwamsha bibi, akaingiza mkono nyuma ya mabega yake, akamwinua pasipo kumuumiza. Akaambiwa amgeuze, akamgeuza. Kisha likaja agizo ambalo hakulielewa. Kichwa kilitaka kuinama kama zamani. Akakiinua kwa nguvu.

"Please say it again, madam."

Mkufunzi hakukasirika. Alirudia polepole, na Jenifer akafanya.

Walipotoka wodini mkufunzi alimuuliza kwa Kiswahili, "Nani amekufundisha kumshika mgonjwa hivi?"

"Mama yangu."

"Kumbe mama naye ni muuguzi?"

"Hapana, madam. Alikuwa mgonjwa."



Matokeo yalipotoka, Jenifer alikuwa amefaulu. Alipanda mlima hadi nyumbani, akamkuta baba yake anapalilia.

"Nimefaulu, baba. Narudi chuoni."

Anderson aliegemea mpini wa jembe. "Nenda kamwambie mama yako," akasema.

Jenifer akaenda. Alipiga magoti kwenye udongo wa kaburi ambao ulikuwa haujakauka, akaita, "Mama." Akamweleza habari yote kwa Chasu, lugha yao ya nyumbani, tangu bibi wa kitandani mpaka matokeo. Alipomaliza akangoja kuitikiwa. Hakuna aliyeitika. Ndipo akalia.